Pancho Gonzales: bingwa wa tenisi aliyefungiwa mlango kwa miaka 18

Vijana wetu wakisikia neno tenisi, majina yanayokuja haraka ni Federer, Nadal, Djokovic ao Serena Williams. Jina la Pancho Gonzales halitajwi sana, hata na wale wanaofuata mchezo huu kila wiki mu televizyo. Lakini mu miaka ya 1950, kama mtu aliuliza nani anashinda wengine wote duniani katika tenisi, waliojua mchezo walimtaja yeye. Basi kwa nini orodha za mabingwa zinamuandika na makombe makubwa mawili tu? Ni juu ya kanuni moja ya zamani: mchezaji aliyekubali kulipwa hakuruhusiwa tena kukanyaga viwanja vikubwa.

Raketi ya senti 51

Richard Alonzo Gonzales alizaliwa tarehe 9 Mei 1928 mu mji wa Los Angeles, Marekani. Wazazi wake, Manuel na Carmen, walitoka jimbo la Chihuahua, Meksiko, wakavuka mpaka kutafuta maisha. Baba alikuwa mpakaji rangi wa nyumba. Watoto walikuwa saba, na Richard alikuwa wa kwanza wao.

Alipofika miaka 12, mama yake alimnunulia raketi ya tenisi kwa bei ya senti 51 za dola. Hata wakati ule hiyo ilikuwa raketi ya bei ya chini kabisa. Hakukuwa pesa ya kumlipa mwalimu. Kijana alienda ku viwanja vya serikali vya Exposition Park, mahali ambapo kila mtu aliweza kucheza, akasimama pembeni kutazama namna wengine wanapiga mpira. Kisha naye akaingia, akajaribu. Hivyo ndivyo alivyojifunza.

Wakati ule, tenisi ya Marekani ilikuwa mchezo wa watu wenye mali. Ilichezwa mu klabu zenye wanamemba, nguo nyeupe na majani yaliyokatwa vizuri. Mtoto wa Wameksiko kutoka kartie ya wafanyakazi hakuwa na nafasi pale. Hata jina la Pancho halikutoka nyumbani kwao. Wazungu wa Marekani walikuwa na zoezi la kumuita kila Mmeksiko vile, bila kuuliza jina lake, na mara nyingi ilikuwa kwa kumdharau. Jina likamshika mpaka kufa.

Masomo, polisi na jeshi

Tatizo la Richard lilikuwa masomo. Alipenda kiwanja kuliko darasa, na siku nyingi alitoroka. Mkubwa wa tenisi katika kusini ya California, bwana Perry Jones, alisikia habari hiyo akamfungia: kijana asiyesoma hataingia mu mashindano yoyote anayoyasimamia. Na mu Los Angeles, Jones alisimamia karibu yote. Wengine walisema ni nidhamu tu. Wengine waliona kwamba mtoto wa tajiri angevumiliwa.

Bila masomo na bila mashindano, kijana alibaki barabarani. Alipokuwa na miaka 15 polisi walimkamata juu ya wizi wa nyumba, akakaa karibu mwaka mzima mu kifungo cha watoto. Nyuma ya pale, mu mwaka wa 1945, akaingia jeshi la majini. Huko nako hakukaa vizuri. Alitoroka kazi, na mu mwaka wa 1947 jeshi likamfukuza na karatasi ya mwenendo mbaya.

Alirudi nyumbani na miaka 18, bila diploma na bila kazi. Lakini sasa alikuwa amepita umri wa masomo, na Jones hakuwa tena na sababu ya kumzuia. Gonzales akachukua raketi.

Bingwa akiwa na miaka 20

Mwili wake ulikuwa umekomaa. Alikuwa na urefu wa karibu mita 1,90, mwepesi kama paka, na servisi yake, ule mpira wa kwanza wa kuanzisha mchezo, ilikuwa ya kasi ambayo wachache waliweza kurudisha. Nyuma ya kupiga servisi alikimbia mpaka karibu na wavu na kumaliza kazi pale pale. Waliomtazama walishangaa kwamba mtu mrefu vile anasogea bila kuonekana kutumia nguvu.

Mu mwezi wa 9 mwaka 1948, akiwa na miaka 20, alifika finali ya mashindano ya Marekani ku Forest Hills, New York. Mwenzake alikuwa Eric Sturgess wa Afrika ya Kusini. Gonzales alishinda kwa seti tatu, ya mwisho 14-12. Kijana ambaye mwaka mmoja mbele yake alifukuzwa jeshini alikuwa sasa bingwa wa inchi.

Magazeti hayakumuamini. Mu 1949 alienda Wimbledon, Uingereza, akapoteza mapema, na watu wakaanza kusema kombe lake lilikuwa bahati. Mu mwezi wa 9 alirudi Forest Hills kulilinda. Ku finali alikutana na Ted Schroeder, ambaye miezi miwili mbele alikuwa amebeba kombe la Wimbledon. Seti ya kwanza ilikuwa ndefu sana: Schroeder aliichukua 18-16. Ya pili vile vile, 6-2. Katika tenisi ya wanaume ya mashindano makubwa, anayefikisha seti tatu ndiye mshindi, kwa hiyo Schroeder alibakiza moja tu. Gonzales akachukua tatu zilizobaki, 6-1, 6-2, 6-4. Mwaka ule ule alikuwa pia mu ekipe ya Marekani iliyoishinda Australia katika Davis Cup, yaani mashindano ya inchi kwa inchi.

Alikuwa na miaka 21, bibi, na mtoto mdogo nyumbani. Na makombe haya yote hayakumpa mshahara.

Kanuni iliyogawanya wachezaji

Hapa inafaa kueleza kidogo namna tenisi ilikuwa inaendeshwa. Mashindano makubwa manne, yaani Wimbledon, Roland Garros ku Paris, yale ya Marekani na yale ya Australia, yalikuwa ya wachezaji wasiolipwa. Mtu alitakiwa kucheza kwa kupenda tu. Wakubwa wa shirikisho waliona kwamba pesa itaharibu heshima ya mchezo.

Kanuni hiyo ilikuwa nyepesi kwa mtu mwenye mali ya baba yake. Kwa mtoto wa mpakaji rangi ilikuwa nzito. Tena kila mtu alijua kwamba wachezaji wakubwa wasiolipwa walipewa pesa chini ya meza, kwa jina la pesa ya safari na ya hoteli. Viwanja vilijaa watu walionunua tike, na pesa ya tike iliingia mu sanduku la klabu na la shirikisho. Mchezaji ndiye aliyetakiwa kuonekana kama hajashika kitu.

Aliyetaka kulipwa wazi wazi alikuwa na njia moja: kutia sahihi ku kontra ya watu wa biashara waliotembeza wachezaji mji kwa mji. Mfaransa Suzanne Lenglen alifanya hivyo mu 1926, Mmarekani Bill Tilden akafuata, kisha Fred Perry wa Uingereza na Don Budge wa Marekani. Siku mchezaji alipotia sahihi, mlango wa Wimbledon na wa mashindano mengine makubwa ulifungwa kwake. Mu orodha za mabingwa, jina lake lilisimama pale.

Mwisho wa 1949 Gonzales alitia sahihi.

Mechi 123 na Jack Kramer

Biashara ya wachezaji wa kulipwa ilikuwa na utaratibu wake. Walichukua mkubwa wao wa wakati ule, wakamleta bingwa mpya kutoka upande wa wasiolipwa, na hao wawili wakapigana mechi moja moja, mji nyuma ya mji, miezi na miezi. Kiwanja chao kilikuwa turubai kubwa iliyobebwa mu kamio. Jioni walilitandika juu ya sakafu ya basketi ao ndani ya ukumbi wa maonyesho, wakacheza, wakakunja, wakaendesha gari usiku kucha kuelekea mji unaofuata. Kesho yake tena. Mgonjwa ao mzima, mtu alicheza, sababu tike zilikuwa zimeuzwa.

Mkubwa wa wakati ule alikuwa Jack Kramer, mtu mwenye miaka 28 na ujuzi mwingi wa maisha hayo. Gonzales alikuwa bado kijana, alikula ovyo na hakujua kupumzika. Kramer alimshinda mara 96, Gonzales akashinda mara 27.

Mu mchezo mwingine kijana wa namna ile angesema nitarudi mwaka kesho. Mu biashara hii, aliyeshindwa hakuwa tena na bei. Watu hawatalipa kumtazama, wakati kuko bingwa mpya wa kuleta. Na kurudi upande wa wasiolipwa haikuwezekana. Gonzales akajikuta na miaka 22, bila Forest Hills na bila ziara. Alichukua duka dogo la vitu vya tenisi pale pale Exposition Park, akafunga nyuzi za raketi za watu. Alicheza karata, akatengeneza magari ya kukimbia ambayo aliyapenda sana, na ndoa yake ikaanza kuharibika.

Hata hivyo hakuacha kujizoeza. Wachezaji wa kulipwa walikuwa na mashindano machache yao wenyewe, na lile la Wembley, London, lilikuwa moja ya makubwa. Gonzales alilishinda mu 1950, 1951 na 1952. Mara hiyo ya tatu, mtu aliyemshinda ku finali alikuwa Kramer mwenyewe.

Mkubwa asiyeonekana

Kramer alipoacha polepole kucheza na kuwa patroni wa ziara, Gonzales alirudi barabarani, mu 1954, na sasa hakuna aliyemsimamisha. Kila bingwa mpya aliyeletwa alipita mu mikono yake.

Tony Trabert alifika mu mwisho wa 1955. Mwaka ule alikuwa ameshinda Roland Garros, Wimbledon na mashindano ya Marekani. Gonzales alimshinda mara 74 kwa 27. Ken Rosewall wa Australia alifika mu 1957: mara 50 kwa 26. Mu 1958 akaja Lew Hoad, Mwaustralia mwenye nguvu aliyeshinda Wimbledon mara mbili mfululizo. Hoad alianza vizuri, akaongoza 18 kwa 9, na watu wakasema wakati wa Gonzales umekwisha. Gonzales alirekebisha mchezo wake, mgongo wa Hoad ukaanza kumuumiza, na ziara ikamalizika 51 kwa 36 kwa faida ya Gonzales. Mashindano ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani aliyashinda mara nane, saba zikiwa mfululizo kuanzia 1953 mpaka 1959. Kuna wakati waandaaji walibadilisha hata kanuni ya mchezo, wakakataza mtu kukimbilia wavu mara tu akipiga servisi, ili wengine wapate nafasi mbele yake. Aliendelea kushinda.

Lakini nani aliona? Televizyo haikufuata ziara ile sana, na magazeti yalijaza kurasa zao na Wimbledon. Kila mwezi wa 7 mtu alibeba kombe kule na dunia ikamuita bingwa. Miezi michache nyuma yake, bingwa huyo huyo akitia sahihi ku kontra, Gonzales alimpiga usiku kwa usiku ndani ya ukumbi wa mji mdogo, mbele ya watu wachache, na habari ikaishia pale.

Na pesa je? Hapo kuna uchungu mkubwa zaidi. Mwenye kuvuta watu alikuwa ni bingwa mpya, kwa hiyo kontra nzuri ilikuwa yake. Katika ziara ya 1955-56, Trabert aliyeshindwa alihakikishiwa dola 75.000. Gonzales aliyeshinda alikuwa na kontra ya dola 15.000. Alikasirika, akampeleka Kramer mahakamani kutaka kuvunja kontra yake, na hakimu akaona kontra inasimama. Akaendelea kumchezea patroni asiyependana naye.

Ni kweli pia kwamba hakuwa mtu mwepesi. Alisafiri peke yake mu gari yake, mbali na wenzake. Aliwatisha waamuzi, aligombana na waandishi wa habari, alitupa raketi. Nyumbani vile vile: alioa mara sita, mara mbili kati yake na bibi mmoja, na watoto wake walimkosa miaka mingi. Waliomjua walieleza hasira yake kwa njia nyingi. Wengine walitaja utoto wake, wengine kontra zile. Wenzake wengine walisema tu kwamba alizaliwa vile.

Hakuwa peke yake katika kusahauliwa. Rafiki yake wa karibu mu ziara zile alikuwa Pancho Segura wa Ekwado, mtoto wa maskini aliyekua na miguu iliyopinda juu ya ugonjwa wa mifupa. Segura alipiga mpira kwa mikono miwili na kuwashinda mabingwa wengi. Jina lake haliko hata mara moja mu orodha ya washindi wa makombe manne makubwa kwa mchezaji mmoja mmoja, sababu miaka yake mizuri aliimaliza juu ya turubai.

Mlango unafunguliwa

Mu 1960 wakubwa wa shirikisho la dunia walikutana Paris kupiga kura: je, wachezaji wote waruhusiwe kucheza pamoja? Kura tano tu zilikosekana. Gonzales alikuwa na miaka 32. Kwa kura tano zile wachezaji walisubiri miaka mingine minane.

Mabadiliko yalitoka Uingereza. Mu mwezi wa 8 mwaka 1967 Wimbledon ilialika wachezaji nane wa kulipwa kucheza mashindano yao ku kiwanja kikubwa cha katikati, na watu wakajaa. Gonzales alikuwa mmoja wao. Mu mwezi wa 12 shirikisho la Uingereza likaamua kuondoa tofauti kati ya wanaolipwa na wasiolipwa, na mu mwanzo wa 1968 dunia ikafuata. Mu mwezi wa 4 mwaka ule, ku Bournemouth, mashindano ya kwanza ya wachezaji wote yakaanza.

Gonzales alikuwa anakaribia miaka 40. Tangu siku alipotia sahihi, ilikuwa imepita zaidi ya miaka 18. Ku Bournemouth alishindwa na Mark Cox, Mwingereza asiyelipwa, na magazeti yakafurahi kwamba wachezaji wa kulipwa si kitu. Wiki chache nyuma yake, ku Roland Garros, babu huyu alimtoa Roy Emerson, aliyekuwa bingwa wa mwaka uliopita, akafika demi-finali.

Siku mbili za Wimbledon

Mechi inayokumbukwa kuliko zote ilikuja mwaka uliofuata. Tarehe 24 Juni 1969, ku Wimbledon, Gonzales, miaka 41 na tayari mjukuu nyumbani, alikutana na Charlie Pasarell wa Puerto Rico, miaka 25. Pasarell alikuwa mtu aliyefundishwa naye.

Wakati ule seti ilimalizika tu mtu akipita mwenzake kwa gemu mbili, hata kama ingeendelea mpaka usiku. Ya kwanza ilienda mpaka 24-22, Pasarell akaichukua. Giza likaingia. Gonzales akaomba mwamuzi asimamishe mchezo, sababu haoni mpira. Mwamuzi akakataa. Gonzales akapoteza seti ya pili 6-1 akiwa amejaa hasira, na mchezo uliposimamishwa kweli, alitoka kiwanjani huku watu wa Wimbledon wakimzomea.

Kesho yake alirudi. Akachukua seti ya tatu 16-14, kisha ya ine 6-3. Katika ya tano miguu ilikuwa imechoka kabisa, kati ya pointi na pointi aliegemea raketi yake kama fimbo. Mara saba Pasarell alibakiza pointi moja tu ili mechi iishe. Mara saba Gonzales akaikataa. Mwishoni akashinda 11-9. Mechi ilikuwa imechukua saa 5 na dakika 12, gemu 112, na kwa hesabu ya gemu ilibaki mechi ndefu kuliko zote za Wimbledon mpaka mu mwaka wa 2010. Watu wale wale waliomzomea usiku walisimama kumpigia makofi.

Mechi ile iliongeza nguvu kwa wale waliotaka kanuni mpya ya kufupisha seti. Mashindano ya Marekani yaliianza mu 1970, Wimbledon ikafuata mu 1971, na leo kila mtazamaji wa tenisi anaijua: seti ikifika 6-6, kunachezwa gemu moja ya pekee ya kuamua.

Mu mwezi wa 1 mwaka 1970 alimshinda Rod Laver mbele ya watu karibu 15.000 ku New York, katika mechi ya dola 10.000 kwa mshindi. Laver alikuwa ametoka kushinda makombe yote manne makubwa mu mwaka mmoja. Mu 1971, ku Los Angeles, mu mji ambao utotoni alizuiliwa kuingia mashindano, alishinda finali mbele ya Jimmy Connors mwenye miaka 19. Na mu 1972, ku Des Moines, alishinda mashindano akiwa na miaka 43. Tangu wachezaji wote waanze kucheza pamoja mu 1968, hakuna mwanaume wa umri ule aliyefanya hivyo tena.

Kamba inayofika mpaka Afrika

Kuko mtu mmoja aliyemtazama Gonzales kwa macho ya pekee. Ni Arthur Ashe, kijana mweusi kutoka Richmond, Virginia, alikokua wakati watu weusi walikatazwa viwanja vya wazungu. Mu tenisi ya wazungu watupu, Ashe aliona mtu mmoja ambaye ngozi yake si nyeupe na ambaye anawapiga wote, akamfanya kuwa mfano wake. Baadaye Gonzales alimsaidia katika mazoezi ya ekipe ya Marekani. Katika Wimbledon ile ya 1969, ni Ashe aliyemtoa mashindanoni, mechi tatu nyuma ya ile ya Pasarell.

Ashe alishinda mashindano ya Marekani mu 1968 na Wimbledon mu 1975. Mu 1971, akitembelea Afrika, alifika Yaoundé, Kameruni, akacheza na mtoto wa miaka 11, akaona kipaji chake na kuwaarifu Wafaransa. Mtoto yule alikuwa Yannick Noah, ambaye mu 1983 alibeba kombe la Roland Garros. Noah pengine hakuwahi kuona mechi moja ya Gonzales mu miaka yake ya nguvu. Lakini kamba inayowaunganisha iko.

Kifo ku Las Vegas

Nyuma ya kuacha mashindano, Gonzales alifanya kazi miaka mingi ku Las Vegas, akisimamia tenisi ya hoteli ya Caesars Palace. Kisha kazi hiyo nayo ikaisha. Bibi yake wa mwisho alikuwa Rita Agassi, dada ya Andre Agassi. Ndoa hiyo pia ilivunjika, lakini walibaki na mtoto wa kiume.

Pesa haikukaa mikononi mwake. Ile ya ziara ilikuwa ndogo, na ndoa nyingi zilikula iliyobaki. Alipougua kansa ya tumbo hakuwa na kitu. Alikufa tarehe 3 Julai 1995, akiwa na miaka 67. Siku hiyo mashindano ya Wimbledon yalikuwa yanaendelea, na wachezaji waliolipwa vizuri walikuwa wanakimbia juu ya majani yale ambayo yeye alikatazwa kuyakanyaga tangu miaka 21 mpaka miaka 39. Andre Agassi, mmoja wa wachezaji hao, ndiye aliyelipa gharama ya mazishi.

Leo mtu akifungua orodha ya makombe makubwa ya tenisi, ataona Laver ana 11, Rosewall ana 8. Gonzales ana 2: 1948 na 1949. Zile mechi 74 mbele ya Trabert hazimo, wala 51 mbele ya Hoad, wala makombe manane ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani. Kwa kanuni ya wakati ule, hizo zilikuwa kazi tu. Orodha haikurekebishwa. Lakini wazee waliocheza naye, wakiulizwa nani wangemchagua kucheza mechi moja ambayo haipaswi kupotea, wengi wao waliendelea kutaja jina la mtoto yule wa Exposition Park.